Kifumbu cha Pikipiki

Bi Ruqaya binti Msabah alikuwa na bangili mbili za dhahabu alizoachiwa na mama yake, na mwaka wa tisini na moja bangili zile zikageuka pikipiki. Si kwa uchawi. Alikwenda mwenyewe kwa sonara, akapakwa sabuni mkononi kwa kuwa mkono ulikuwa umenenepa tangu siku ya harusi, bangili zikachomolewa moja baada ya moja, na wiki ya pili yake mumewe, Bwana Amour, akaingia uchochoroni Kiponda amepanda Honda nyekundu, kidevu juu kama mtu aliyekwenda kuijenga Makka, si kuhiji.

"Ndiyo bangili zako hizi," akamwambia, akilipiga tangi kofi. "Sasa zinakwenda."

"Nazende," akasema Bi Ruqaya. "Maadam zitarudi jioni."

Babu yake Bwana Amour alikuwa na mikarafuu asiyoijua idadi. Katika urithi wote ule, mjukuu aliambulia namna ya kuvaa kofia. Alikuwa karani mpaka makarani walipopunguzwa, akakaa nyumbani mwaka mzima anasoma gazeti lile lile, ndipo mkewe alipomtafutia kazi kwa Bwana Kurban mwenye tanuri la mikate. Kazi yenyewe nyepesi kuieleza, nzito kuifanya: kila alfajiri kuchukua boflo mia zingali moto, kuzifunga nyuma ya pikipiki, na kuzifikisha Bwejuu katika hoteli ya wageni kabla ya saa moja na nusu, maana mzungu akiamka akikosa mkate huona kama hakuamka. Mwenye hoteli alisema neno moja tu, na Bwana Kurban akalirudia mara mbili lipate kusikika: boflo zikichelewa siku tatu, anaagiza tanuri lake mwenyewe, na safari ndiyo mwisho.

Kwa hivyo Bi Ruqaya alikuwa akiijua injini ile kama anavyojua kikohozi cha mwanawe Basma. Kila alfajiri akilala macho, akiisikiliza inawaka, inakata kona, inapotea kuelekea Darajani. Akijua kwamba ndani ya chuma kile mna mikono ya mama yake. Siku ikilala barabarani, mama yake kafa mara ya pili.

Mambo yakenda vizuri mpaka mwanzo wa mwaka wa tisini na tatu, siku aliyokuja Mujtaba wa duka la spea na kitu ndani ya boksi.

Nyumba ya Bi Ruqaya ilikuwa ya ghorofa, na chini ya dirisha lake palikuwa na baraza ya mawe ambapo wanaume wa mtaa walikaa alasiri kuitengeneza dunia. Yeye huteremsha kahawa kwa kikapu na kamba, kisha husimama nyuma ya pazia kusikiliza dunia inavyoharibiwa. Siku ile Mujtaba alifungua boksi, akatoa chujio la hewa jipya kutoka Dubai. Lilikuwa la pamba nyekundu iliyobanwa baina ya nyavu mbili za chuma, na kichwa chake kinang'ara kama birika la harusi.

"Injini ni kama mtu, Bwana Amour," Mujtaba akasema. "Mzibe pua, kisha mwambie akimbie. Hilo lako la karatasi linaikaba roho. Hili linapitisha upepo maradufu. Utafika Bwejuu boflo zinatoa moshi."

Makungu, fundi wa pikipiki wa Mwembetanga, alikuwa amekaa pembeni anapuliza kikombe chake. "Walioitengeneza pikipiki waliipimia pua yake," akasema. "Hawakusahau."

"Waliitengeneza zamani, yakhe. Watu wanazidi kujua."

Bi Ruqaya akatoa kichwa dirishani. "Mie nina suali."

Wanaume wakatazama juu.

"Kifumbu changu cha kuchujia nazi kina matundu madogo. Tui linatoka pole pole, mpaka mkono uume. Dada yangu Shamsi ana kifumbu cha matundu makubwa, tui linatoka mbio. Lakini wali wake ukila, chicha inakukwama menoni. Sasa hilo linalopitisha upepo maradufu, chicha yake inakwenda wapi?"

Makungu akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. Mujtaba akatazama boksi, labda jibu limeandikwa. Bwana Amour ndiye aliyejibu, na alijibu kwa sauti ya kusikiwa na baraza nzima:

"Mama Basma, hii ni injini, si mchuzi. Rudi kwenye nazi zako."

Wakacheka, hata Makungu, ingawa yeye alicheka kidogo. Bi Ruqaya akavuta kamba, kikapu kikapanda na vikombe vyake. Akarudi kwenye nazi zake. Neno lile akarudi nalo, akaliweka mahali.

Chujio likanunuliwa. Ili chujio jipya likae, likavuliwa hata sanduku zima lililokuwa likifunika la zamani, na asubuhi yake pikipiki ilipoondoka uchochoroni ilinguruma hata majogoo wa jirani wakasahau kuwika. Jioni Bwana Amour akasema kwamba inakwenda kama imetukanwa.

"Inakwenda mbio zaidi?" Makungu akauliza.

"Hujaisikia?"

"Nimeisikia. Mtu anayekoroma halali zaidi ya asiyekoroma. Umelivua sanduku, sasa inavuta pumzi mdomo wazi. Maneno hayana magurudumu, Bwana Amour. Tuipime."

Wakaipima. Ijumaa baada ya sala walikwenda na gunia la unga la Bwana Kurban likiwa nyuma badala ya boflo, na saa ya mkononi ya Bwana Kurban ambayo hajamwazima mtu hata siku moja. Makungu ndiye aliyepanda, kwa kuwa ilionekana Bwana Amour angeendesha kwa imani. Kutoka Kilimani mpaka lango la uwanja wa ndege, mara tatu na la karatasi, mara tatu na la Dubai. Walirudi barazani magharibi inakaribia, na Bi Ruqaya keshateremsha kahawa mapema asipitwe.

"Sawa sawa," Makungu akasema. "Dakika zile zile. Mara moja tu la Dubai lilitangulia sekunde mbili, na mara hiyo nilikuwa nyuma ya lori la mchanga linanikatia upepo."

"Sekunde mbili," Bwana Amour akasema, akiwatazama watu mmoja mmoja. "Mmesikia."

"Na lori umelisikia?"

"Mimi nimesikia sekunde mbili."

Kutoka dirishani sauti ikateremka taratibu. "Baba Basma, hizo sekunde mbili ukifika nazo Bwejuu utazifanya nini? Utakunywa chai?"

Safari hii waliocheka walimcheka mumewe. Bwana Amour akasimama, akalishika chujio la karatasi kwa vidole viwili kama panya, akalitupa kwenye jaa la mwisho wa uchochoro. Makungu akamwambia, "Kazi yangu imekwisha basi," akaenda zake, na kwa miezi hakukanyaga baraza ile.

Watu walipokwenda msikitini, Bi Ruqaya akateremka na kanga yake kichwani, akaliokota. Karatasi yake ilikuwa imekunjwa marinda madogo madogo, safi, marinda ambayo hata fundi cherehani wa Kihindi angeyaonea wivu. Akalikung'uta, akalifunga katika kipande cha kanga, akalitia kashani kwake, pale pale alipokuwa amekiweka kijaluba kitupu cha bangili. Akasema moyoni: mumewe ataliulizia tu. Na siku akiliulizia, ataliulizia kwa adabu.

Chujio la Dubai lilikuja na kichupa cha mafuta mekundu. Pamba ile ilikuwa lazima ilowe mafuta hayo, yawe yanalinasa vumbi, na kila baada ya muda ioshwe ipakwe mengine. Kichupa kilikwisha mwezi wa Machi. Mujtaba akasema mzigo haujafika, lakini mafuta ni mafuta, atie yoyote mepesi. Makungu angeweza kuulizwa, lakini alikuwa amekasirikiwa. Mafuta ya injini Bwana Amour hakuyataka. Alisema ni meusi, yatalichafua chujio lake, na chujio lenyewe watu wanasimama kulitazama.

Jua la Machi linachemsha mpaka vivuli. Akapanda ngazi, akasema, "Mama Basma, yale mafuta yako ya nazi yako wapi?"

"Dirishani. Unataka kupaka nywele zipi?"

Hakuwa nazo tangu mwaka wa themanini. Akaichukua chupa, akaitazama juani: mafuta safi, maangavu, mepesi kama maji. "Haya ndiyo," akasema. "Mepesi. Tena ya kwetu."

Bi Ruqaya alifungua mdomo. Mtoto wa kike wa miaka saba anajua kwamba mafuta ya nazi ni maji wakati wa joto tu. Kikiingia kipupwe, alfajiri unaikuta chupa imeganda nyeupe kama mshumaa, na huna budi uianike juani au uisogeze jikoni ndipo upate la kupaka. Mwanamme hajui, maana yeye hukuta kashapakiwa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kisha lile jengine, lile aliloliweka mahali, likaja likasimama mbele yake. Rudi kwenye nazi zako.

Akaufunga mdomo. "Chukua yote," akasema kwa upole. "Nitakamua mengine."

Akakaa akangojea kipupwe kama mtu anavyongojea harusi.

Miezi mitatu pikipiki ilinuka vitumbua. Ikipita alfajiri, watu wa Kiponda wakiamka na njaa. Jirani yake Bi Marziya akamwambia mumeo atakuja kuliwa siku moja, na wakacheka wote wawili, lakini Bi Ruqaya alikuwa na kicheko cha akiba ambacho hakumgawia mtu.

Kikaja kipupwe. Alfajiri moja ya Julai, ya baridi ya kuvaa fulana mbili, Bwana Amour alitoka mjini vizuri injini ikiwa moto, lakini upepo wa njiani ukawa unalipiga chujio lile lililokaa nje bila sanduku, na alipoingia katika msitu wa Jozani, kwenye ubaridi na umande, pikipiki ikaanza kukohoa. Ikatoa moshi mweusi. Ikazima. Akapiga kiki mpaka goti likalia. Kima punju hawakumsumbua, wao ni watu wa majani. Lakini wale kima wengine hawakuchagua. Alipokuwa ameinama anafungua plagi, walichukua boflo kumi na nne na kwenda kuzila juu ya mti wakimtazama. Jua lilipopanda likalipiga chujio, pikipiki ikawaka yenyewe kama haikufanya lolote. Alifika Bwejuu saa tatu.

Siku ya pili, kwa plagi mpya, ikazima pale pale.

Jioni ile alikaa chini ya dirisha peke yake, mikono myeusi, anaichungua kabureta kama anasoma barua ya msiba. Siku moja ikibaki. Ndipo Bi Ruqaya alipomwita juu. Alikuwa ameishika chupa yake ya mafuta, ambayo alikuwa ameiweka kutwa nzima sakafuni nyuma ya mtungi wa maji, mahali pa baridi. Akaipindua mbele ya uso wake. Hakikudondoka kitu. Mafuta yalikuwa meupe, magumu.

"Nilirudi kwenye nazi zangu," akasema. "Zikaniambia hivi."

Akacheka. Alicheka kicheko chote cha miezi minne, mpaka akashika ukuta. Alidhani na mwenzake atacheka. Katika miaka thelathini walikuwa wameshachezeana mengi. Bwana Amour aliitazama chupa, halafu akamtazama yeye, na kitu kikatoka machoni pake taratibu, kama mtu anayehama nyumba.

"Ulijua tangu Machi," akasema.

"Hukuniuliza."

"Nimesukuma pikipiki Jozani siku mbili. Ulijua."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Akateremka, akalitoa chujio, akaliosha kwa petroli mara tatu mpaka pamba ikawa kavu kabisa haina hata harufu, akalirudisha hivyo hivyo. "Sasa halina mafuta ya mtu," akasema, si kwa mkewe, kwa pikipiki.

Siku ya tatu boflo zilifika saa moja na robo. Na ya nne, na ya tano. Pikipiki ilikimbia kuliko ilivyopata kukimbia, nyepesi, haina kikwazo, na Bwana Amour akawa anawaambia watu barazani kwamba tatizo lilikuwa mafuta. Chujio kavu ndilo chujio. Ndani ya nyumba alikuwa akisema "naam" na "la".

Mwezi wa Agosti Makungu alikutana na Bi Ruqaya sokoni Darajani.

"Shikamoo, Bi Ruqaya."

"Marahaba, fundi. Umetususa."

"Nimeisikia pikipiki yenu inapita. Ile pamba ina mafuta?"

"Haina. Kaapa."

Makungu akaweka kikapu chini. "Bila mafuta lile ni jarife, Bi mkubwa. Dagaa wote wanapita. Na njia ya Bwejuu sasa hivi ni vumbi jeupe tupu, vumbi la mawe, ukilisugua kwenye sufuria linang'arisha. Mwambie atafute chujio la karatasi. Madukani hakuna, nimeshatafuta, lakini amuulize hata mtu wa Chwaka, hata wa Pemba. Mwambie leo."

Bi Ruqaya akarudi nyumbani mbio mbio kwa umri wake. Akafungua kasha, akalitoa, akalipuliza. Chicha ilikuwa imeshaingia kwenye tui, aliijua siku nyingi. Alikuwa akiisikia katika mlio, kitu chembamba kinachokwaruza chini ya ngurumo. Akalifumbata chujio mkononi, akateremka ngazi. Atalitia mapajani pa mumewe tu, aende zake. Hata salamu si lazima.

Alifika kipandio cha tatu kutoka chini, nyuma ya mlango, na mumewe alikuwa barazani na Mujtaba.

"...ananiona nataabika siku mbili, anangojea acheke," Bwana Amour alikuwa akisema. "Mujtaba, nikitaka shauri la chujio ntakwenda kwa mtu aliyesoma zaidi ya darasa la nne."

Lilikuwa la nne kweli. Baba yake alimtoa skuli ili amkamulie nazi bibi yake aliyepooza. Bwana Amour ndiye mtu pekee aliyepata kuambiwa hadithi ile, usiku wa kwanza, na wakati ule aliuchukua mkono wake akaubusu.

Bi Ruqaya akageuka pale pale kwenye kipandio. Akapanda, akalikunja tena chujio katika kanga yake, akafunga kasha.

Aliuliza? Hakuuliza.

Mwisho wa Septemba moshi wa buluu ukaanza kutoka nyuma. Mwanzo wa Oktoba kiki ikawa laini, mguu unashuka bila kukutana na mtu. Katikati ya Oktoba pikipiki ilisimama kabla ya Tunguu, ikarudishwa mjini juu ya gari la kuni. Boflo zikachelewa siku ya tatu, na ya nne, na mwenye hoteli hakuwa mtu wa maneno mengi. Tanuri lilikuwa limeshaagizwa.

Makungu aliifungua injini mbele yao wote wawili, katika gereji yake, mchana. Bi Ruqaya alikwenda amevaa buibui lake zuri, la mazikoni. Fundi akaitoa pistoni, akaiweka kwenye sinia, akachukua mkono wa Bwana Amour, akaupitisha ukucha wake ndani ya silinda. Ulikwama, ukakwama tena.

"Mifereji hiyo," akasema. "Vumbi la Bwejuu. Limeisaga kama jiwe la kusagia. Silinda, pistoni, bearingi, vyote. Ukitaka kuifufua utanunua nyengine."

Akakwangua kidogo unga mweupe ndani ya mdomo wa injini, akautia kiganjani. Hakuna aliyesema chicha. Hapakuwa na haja.

"Lile la karatasi," Makungu akasema, "lingerudishwa hata Agosti, ingekuwa inakwenda mpaka leo. Mlilitupa wapi?"

"Jaani," Bwana Amour akasema.

Bi Ruqaya akatia mkono ndani ya buibui. Akalitoa, akafungua kipande cha kanga, akaliweka juu ya sinia karibu na pistoni. Marinda yake yalikuwa meupe, yamenyooka, kama ya mtoto anayesubiri kutolewa Idi.

Bwana Amour akalitazama. "Ulikuwa nalo."

"Nilikuwa nalo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolitupa."

Alingojea aseme kitu. Alikuwa na majibu tayari, manne au matano, makali, mengine ya kuchekesha. Alikuwa ameyanoa tangu Februari. Mumewe akaivaa kofia yake vizuri, kwa namna ile aliyorithi, akatoka gereji, akaenda kwa miguu. Hakugeuka, na yale majibu yakabaki yote.

Makungu akajitia kutafuta spana.

Juu ya sinia, karibu na pistoni, zilikuwa zimewekwa pete zake mbili za chuma, nyembamba, zimeliwa mpaka zinakata kama wembe. Bi Ruqaya akaiokota moja. Akaigeuza. Ilikuwa duara nzuri, yenye mwanya mdogo mahali pamoja. Akaunyanyua mkono wake wa kulia, mkono uliokamua nazi miaka arubaini na tano, akaitia pete vidoleni, akaisukuma ipande. Ilikuwa ndogo. Akaupanua ule mwanya kwa vidole, taratibu, kama sonara alivyofanya siku ile kwa sabuni.

Ikakatika vipande viwili.

"Chuma hicho hakipindi, Bi mkubwa," Makungu akasema bila kumtazama. "Ni cha kukatika tu."

"Za mama yangu zilikuwa zikipinda," akasema Bi Ruqaya.

Akaviweka vile vipande kwenye sinia, akajifuta vidole kwa ile kanga, na akamwomba fundi, ikiwa si taabu, amsogezee kiti.